Siku Zile Kabla ya Hedhi: Si Jini, na Si Wakati wa Talaka

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Amma ba'ad.

Najua wapo watakaosema mada ya leo ingefaa izungumzwe jikoni baina ya wanawake, isiletwe hapa. Jikoni ndiko tulikoifungia miaka yote. Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansar kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na sifa hiyo aliitoa katika mazungumzo haya haya ya hedhi na josho lake. Basi nasi tusijifanye tuna haya kuwashinda wao.

Siku moja, baada ya darsa yetu ya akina mama hapa Buyenzi, Bujumbura, dada mmoja alibaki nyuma. Wenzake walikunja mikeka, yeye akabaki amekaa na furushi la nguo ubavuni. Alikuwa ametoka kwake tangu alfajiri. Usiku uliotangulia waligombana na mumewe juu ya jambo ambalo hata kulitaja aliona haya: chumvi kwenye ndagala. Mume alisema imezidi. Yeye akainuka, akabeba chungu kizima, akakimwaga uani. Baada ya hapo yakatoka maneno ya miaka sita, ya huku na ya kule, mpaka mume akasema: "Nenda kwa watu wenu."

Nikamuuliza, "Na hedhi yako ni lini?"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Kisha akanyamaza, akasema kwa sauti ya chini, "Imeingia leo asubuhi, mwalimu." Nikamkumbusha ugomvi wao wa mwezi wa Rajab, alipomchapa mtoto mpaka jirani akaingia kumwokoa. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, machozi yakaanza kumtoka. Siku hizo hizo.

Nitarudi kwake baadaye, in shaa Allah. Kwanza tuseme juu ya mwili, maana anayeujua mwili hupunguza lawama.

Mzunguko wa mwanamke mzima kwa kawaida huchukua siku 21 hadi 35, ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata. Takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo yai hutoka, na tangu hapo mwili hutengeneza kwa wingi homoni iitwayo projesteroni, ikishirikiana na estrojeni, ili mfuko wa uzazi uwe tayari kupokea mimba. Mimba isipotunga, homoni hizi mbili hushuka haraka katika siku za mwisho, na kushuka huko ndiko kunakoleta damu. Lakini homoni hazikai tumboni tu. Hupanda mpaka kwenye ubongo na kuzigusa kemikali zinazosimamia usingizi, utulivu na furaha, mojawapo ikiitwa serotonini. Ndiyo maana mwanamke anaweza kuamka na huzuni isiyo na msiba, au hasira isiyo na mkosaji, matiti yamejaa na kuuma, tumbo limevimba, usingizi umekatika, na sauti ya mtoto anayecheza na sufuria inamchoma kama sindano.

Hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Watu wanadhani siku ngumu za moyo ni siku za damu yenyewe. Kwa wengi siyo. Maumivu ya tumbo na kiuno ndiyo ya siku za damu, lakini ule uzito wa moyo huja kabla, siku chache au hata wiki moja na zaidi, na damu ikishatoka siku mbili tatu unaondoka kama wingu. Kwa hiyo mume anayesema "mbona hata hujaingia mwezini, hasira hizi za nini?" anamlaumu mkewe katika siku zile zile ambazo mwili wake unamwelemea.

Wala si mambo mapya ya wanawake wa siku hizi wasio na subira, kama bibi mmoja alivyonijibu. Mwaka 1953 madaktari wawili wa Uingereza, Katharina Dalton na Raymond Greene, waliandika katika jarida la kitabibu la nchi yao juu ya hali hii na kuipa jina, wakionyesha kwamba ina nyakati zake na huondoka na kurudi kwa mpango. Wapo wanawake wachache, chini ya mmoja katika kila kumi, ambao kwao hali hii huwa kali mno, mpaka kazi, masomo na ndoa vinaharibika kila mwezi. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliiingiza hali hiyo kali katika kitabu chao kikuu cha maradhi, kama ugonjwa kamili wenye tiba. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba ukiwapima damu wanawake hawa, homoni zao ni za kawaida kabisa. Tofauti iko katika namna ubongo wao unavyoyahisi mabadiliko ambayo mwingine hayamshughulishi. Ndiyo maana dada wawili, tumbo moja, chakula kimoja, mmoja anapita siku hizo akiimba na mwingine anatamani ardhi ipasuke immeze. Yule anayeimba asimcheke mwenzake.

Sasa tuitazame dini yetu. Katika Suratul Baqara, aya ya 222, Mwenyezi Mungu (S.W.) anaitaja hedhi kwa neno la Kiarabu *adha*. Katika tafsiri zetu za Kiswahili mara nyingi tunasoma kwamba ni uchafu, na wapo wanaume walioishia hapo hapo. Lakini sisi Waswahili neno lenyewe tunalo! Tunasema "nimepata adha njiani," tunasema "usiniudhi," tunasema "udhia." Yote ni mzizi huo huo. Mtu aliyepata adha njiani hakupata uchafu, amepata taabu, karaha na maudhi. Kwa hiyo aya inayowaamrisha waume wasiwaingilie wake zao katika siku hizo inaanza kwa kutaja kwamba mna udhia ndani yake, na mwenye kupata udhia kwanza ni yule anayetokwa na damu. Nawaombeni akina baba msome tena aya hii mkiwa na neno hilo la Kiswahili akilini.

Na tuitazame nyumba ya Mtume (S.A.W.). Wapo watu wa Madina wakati ule waliokuwa hawali wala hawakai pamoja na mwanamke aliye katika hedhi. Yeye alifanya kinyume. Bi Aisha (R.A.) alikuwa akinywa kwenye chombo akiwa katika hedhi, kisha akampa, naye akaweka mdomo wake mahali pale pale alipoweka yeye. Alikuwa akiegemea mapajani mwake na kusoma Qur'ani, naye yumo katika siku zake. Nawajua wanaume hapa mjini, wenye ndevu na kanzu nyeupe, ambao mke akiingia mwezini wanahamia chumba cha wageni na kumwacha alale peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza, halafu wanaiita hiyo taqwa.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Hija ya mwaka wa 10 Hijria. Bi Aisha alitoka na nia ya Umra, na walipofika mahali paitwapo Sarif, karibu na Makka, hedhi ikamjia. Mtume (S.A.W.) akamkuta analia. Hakumwambia anyamaze. Alimuuliza kinachomliza, na akatambua mwenyewe kwamba huenda ni hedhi. Akamtuliza kwamba hilo ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu amewaandikia mabinti wa Adam, akamwelekeza afanye yote anayoyafanya mwenye kuhiji isipokuwa kutufu. Wengi wetu tunapokisimulia kisa hiki tunaishia hapo. Lakini hakikuishia hapo. Hija ilipomalizika, bado moyoni mwa Bi Aisha mlikuwa na kitu: wenzake wanarudi Madina na Hija na Umra, yeye anarudi na Hija peke yake. Mtume (S.A.W.) akamwamrisha kaka yake, Abdurrahman, ampeleke Tan'im ahirimie kutoka huko, akafanya Umra yake.

Kilio kilikuja wakati wa hedhi, lakini huzuni ilikuwa na sababu yake ya haki, na Mtume (S.A.W.) hakuitupa ile sababu kwa kuwa ilitokea katika siku zile. Alimpoza kwanza, kisha baadaye, mwili ulipotulia, akamtimizia haja yake. Mimi naona adabu yote ya jambo hili imo katika mpango huo.

Basi na tuje kwenye talaka.

Abdullah bin Umar (R.A.) alimwacha mkewe akiwa katika hedhi. Baba yake, Sayyidna Umar, akampelekea habari Mtume (S.A.W.), naye akakasirika. Akaamrisha kijana amrejee mkewe, akae naye mpaka atwaharike, kisha aingie hedhi nyingine, kisha atwaharike tena, na hapo ndipo, akitaka, amwache kabla hajamgusa, au akitaka abaki naye. Ndiyo maana wanazuoni wanasema talaka ya Sunna hutolewa katika twahara ambayo mume hajamwingilia mkewe, na ikitolewa ndani ya hedhi ni bid'a na dhambi, ingawa wanazuoni wengi wanaiona kuwa imepita.

Wanazuoni wanaeleza hekima yake kwamba ni kutomrefushia mwanamke eda. Hilo ni lao na ni la haki. Mimi si mwanachuoni, nina jambo dogo tu ambalo nimeliona kwa kuhesabu siku. Mume na mke wanaolala kitanda kimoja, mara nyingi hawamalizi twahara nzima bila kugusana. Kwa hiyo nafasi ya talaka ya Sunna kwao ni siku zile chache tu baada ya mke kuoga josho lake, kabla hawajarudiana. Na siku hizo ni siku zipi katika mwezi wa mwanamke? Ni zile ambazo moyo umetulia kuliko zote! Wingu limeondoka, usingizi umerudi, anacheka na watoto. Nao usiku wa kumwaga chungu, ule wa kabla ya damu, umo ndani ya twahara ambayo kwa kawaida wameshagusana, kwa hiyo talaka ya usiku ule nayo si ya Sunna. Sidai kwamba hukumu iliwekwa kwa ajili hiyo. Nasema tu kwamba mwanamume akiifuata Sunna kama ilivyo, hatapata njia ya kumwacha mkewe katika siku zake mbaya kabisa. Atalazimika kungoja mpaka akutane naye akiwa yeye mwenyewe. Wangapi wangemwacha mwanamke huyo?

Na sisi wanawake tusijione tumesalimika. "Niache!" "Nipe talaka yangu!" "Nimechoka na nyumba hii!" Tuandike tarehe ya kila mara tunapoyasema maneno hayo, kisha tuitazame karatasi baada ya miezi mitatu. Mimi niliwahi kulia saa nzima kwa sababu ya maharage yaliyoungua, nikamwambia mume wangu, Mwenyezi Mungu amhifadhi, kwamba tangu anioe sijapata siku moja ya raha. Kesho yake asubuhi nikajua kwa nini. Nilimwomba radhi, akacheka, akasema maharage yale hata hivyo yalikuwa mabaya.

Kuhusu majini, nitasema kwa uangalifu. Majini yapo, Qur'ani imeyataja, na anayeyakanusha ana tatizo. Lakini huku kwetu binti akinuna siku nne, akalia bila sababu, akagombana na shangazi, haraka tunampeleka kwa mtu wa kombe na ubani, na baada ya siku chache anapona, tunasema Alhamdulillah jini limetoka. Mwezi ujao jini linarudi. Tunalipa tena. Jini gani huyo anayefuata kalenda ya hedhi ya mtoto? Msomeeni Qur'ani, ni tiba na ni rehema, wala haihitaji kulipiwa pesa. Lakini kabla ya kumwita mtu nyumbani, chukueni daftari.

Na daftari hilo ndilo kipimo, kwa sababu nimeshasema damu haionyeshi kitu. Madaktari wenyewe wanataka mwanamke aandike kila siku kwa muda wa mizunguko miwili: leo nililala vipi, nilikasirika, nililia, niliumwa kichwa, damu imeanza au bado. Neno moja moja linatosha. Anayetumia kalenda ya Hijria ataona raha zaidi, na si bure lugha yetu ikaita hali hii kuwa mwezini. Ikionekana kwamba taabu inakuja kabla ya damu na kuondoka baada yake, mnajua mnashughulika na nini. Ikionekana iko mwezi mzima bila kupumzika, basi huenda ni sonona, au upungufu wa damu, au tezi ya shingo, na hapo hospitali inahusika mapema zaidi.

Mabinti zetu ndio wanaonisikitisha, maana wao hawana hata wa kumuuliza. Tunawafundisha kitambaa, pedi na josho, tunawaambia wasiguse msahafu, basi, somo limekwisha. Hakuna aliyewaambia kwamba moyo nao utabadilika. Binti yangu anayesoma Kampala aliniandikia ujumbe usiku mmoja: "Mama, nadhani imani yangu imekwisha. Sina hamu ya kitu, natamani niache masomo nirudi." Nilitetemeka. Nikampigia, nikamuuliza tarehe. Alikuwa na siku mbili kabla, na mtihani wiki ile ile. Nilimwambia alale, asiandike barua yoyote ya kuacha chuo mpaka aoge josho lake. Aliiandika hata hivyo (mkaidi kama baba yake), lakini hakuipeleka.

Na wanafunzi wengi wa kike huingia katika shimo la pili pale swala inaposimama. Siku tano au saba hasali, wenzake chumbani wanaamka alfajiri, yeye amelala, anajihisi ametupwa. Binti yangu, kuacha kwako swala katika siku hizo ni utiifu kwa Aliyekuamrisha uache, kama vile ulivyokuwa utiifu kusali. Saa ya swala ikiingia, kaa kitako mahali pako, shika tasbihi, leta istighfari, mswalie Mtume (S.A.W.), omba dua zako, hata zile zilizomo katika Qur'ani ukiwa na nia ya dua. Kusikiliza kisomo hakuna anayekukataza. Kusoma Qur'ani kwa ulimi wanazuoni wamekhitilafiana: sisi wa madhehebu ya Shafi tunakatazwa, na Malik wanaruhusu. Muulize sheikh wako, asikutishe mwenzako wa chumbani.

Na Ramadhani jamani! Binti yuko katika siku zake, anajificha chooni na kipande cha mkate, kwa kuogopa kaka zake wasimwone anakula. Anashinda na njaa, maumivu, hasira na aibu kwa pamoja, halafu jioni tunashangaa amemjibu vibaya babu yake. Bi Aisha (R.A.) alisema wazi kwamba funga alizokuwa akidaiwa alikuwa akizilipa katika Shaaban. Umma mzima unajua mpaka leo kwamba mama yetu alikuwa na deni la funga. Na wewe kaka wa miaka kumi na minane hujui kwamba dada yako ni mwanamke? Mama awekee chakula cha mchana mahali panapojulikana, na wavulana wafundishwe kupita kimya.

Tiba ndogo ndogo zipo. Kutembea kwa miguu nusu saa kila siku husaidia wengi, na usingizi wa kutosha husaidia kuliko nasaha zangu. Punguza kahawa na chai ya rangi katika wiki ile, punguza chumvi kama mwili unavimba (yule dada wa ndagala alicheka nilipomwambia hili). Kalsiamu pia imejaribiwa: utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba wanawake waliopewa miligramu 1200 kwa siku walipungukiwa na taabu hizi baada ya mizunguko mitatu. Maziwa yanayo, na ndagala wanaoliwa wazima na mifupa yao wanayo pia, Tanganyika haijatunyima. Maumivu ya tumbo yana dawa kama ibuprofeni, inywewe baada ya kula, na mwenye vidonda vya tumbo aulize kwanza. Kwa ile hali kali niliyoitaja, madaktari wana dawa za sonona ambazo baadhi ya wanawake huzinywa katika nusu ya pili tu ya mzunguko, na pia dawa za kutuliza homoni. Kuzinywa si kukosa tawakkul, kama vile kunywa dawa ya malaria si kukosa tawakkul. Lakini akianza kusema kwamba hataki kuishi, hapo msingoje daftari wala damu. Msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Akina baba mtaniuliza mnatakiwa mfanye nini. Jueni tarehe. Mtume (S.A.W.) alimwambia Bi Aisha kwamba anajua wakati akiwa radhi naye na wakati akiwa amekasirika, kwa sababu akikasirika huapa kwa Mola wa Ibrahim badala ya Mola wa Muhammad. Hapo hapakutajwa hedhi, lakini oneni mume aliyemsikiliza mkewe mpaka akajua namna anavyoapa. Ukishajua tarehe, siku hizo usilete wageni sita bila taarifa. Mchukue mtoto mdogo utoke naye baada ya Alasiri. Chakula kikizidi chumvi, kula na maji.

Lakini, na hili nalisema kwa ukali, usiigeuze tarehe kuwa kifuniko. Ipo tabia mbaya zaidi ya ujinga, nayo ni ya mwanamume aliyesoma mambo haya nusu. Mke akisema kodi haijalipwa, anajibiwa "ah, uko kwenye siku zako." Akisema mama mkwe amemtukana mbele ya watu, "siku zako." Hasira inaweza kuwa ya homoni na kodi ikawa haijalipwa kweli. Ninachowashauri wanandoa ni hiki: lililosemwa katika siku zile liwekwe, lisijibiwe na lisitupwe. Akishaoga na kutulia, mume mwenyewe aliulize: "Lile jambo ulilosema siku ile, bado lipo?" Likiwa limeondoka na wingu, Alhamdulillah. Likiwa bado lipo, basi ni haki yake, na umlipe haki yake.

Turudi kwa yule dada na furushi lake. Tulikwenda pamoja na mume wangu kwa sheikh wa msikiti, na mume wake akaitwa. Neno "nenda kwa watu wenu" si talaka ya wazi, ni kinaya, linategemea nia ya aliyelisema. Sheikh akamuuliza kwa kiapo: ulikusudia nini? Yule kijana akainamisha kichwa, akasema hakukusudia talaka, alitaka tu anyamaze apate kulala. Sheikh akamkemea vya kutosha, akawarudisha nyumbani.

Nilimwambia yule mume angoje josho, kisha amuulize mkewe swali lile. Alimuuliza. Na jambo lilikuwepo, wala halikuwa chumvi: pesa za ada ya mtoto alizomkopesha ndugu yake bila kumwambia mkewe, naye mke akazijua kwa mtu wa sokoni. Miezi miwili alikuwa nazo moyoni. Walikaa wakazungumza, mara hii bila chungu. Siku hizi kwenye kalenda ya nyakati za swala iliyotundikwa ukutani kwao kuna nukta ndogo ya kalamu ya risasi kila mwezi, na watoto wanadhani ni alama ya deni. Ndugu ameanza kulipa, elfu ishirini ishirini.

Wabillahi tawfiq.